Ugonjwa wa Maisha Hautibiwi kwa Dawa za Juma Moja

Taifa letu lilipopata uhuru mwaka 1961 lilitangaza vita dhidi ya maadui watatu, yaani ujinga, umaskini na maradhi. Katika vita hivyo adui maradhi hakukaa kama alivyokuwa, amebadili mbinu. Zamani alizoea kuja kwa kishindo. Ndui, surua, kipindupindu na malaria kali vilimwangusha mtu leo, na baada ya majuma machache mtu huyo ama alikuwa amepona ama alikuwa amekwisha zikwa. Ndui ilitangazwa kufutwa duniani mwaka 1980, na hao wengine bado tunapambana nao. Lakini nyuma yao amekuja adui wa namna nyingine, ambaye akishaingia mwilini haondoki tena.

Huyo ndiye ugonjwa wa kudumu: shinikizo la juu la damu, kisukari, kifafa, pumu, selimundu na maradhi ya moyo. Mgonjwa wake haambiwi kwamba akimeza vidonge hivi atapona. Huambiwa, au yapasa aambiwe, kwamba atameza dawa kesho na keshokutwa, na pengine maisha yake yote. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2012 ulionyesha kwamba miongoni mwa Watanzania wenye umri wa miaka 25 hadi 64, takriban mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu la damu, na wapatao 9 katika kila 100 walikuwa na kisukari. Haya basi si maradhi ya wakubwa wa mijini peke yao, kama ilivyodhaniwa zamani. Ni maradhi ya wananchi.

Leo tunapenda kuzungumzia jinsi dawa za wagonjwa hawa zinavyoandikwa, zinavyotolewa na zinavyotumiwa, na tumechagua kuzitazama wilaya mbili za Mkoa wa Kagera, Ngara na Biharamulo. Hatukuzichagua kwa kuwa zina makosa kuzidi wilaya nyingine. Tumezichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni wilaya za pembezoni. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi, na Biharamulo ni njia panda ya wasafiri waendao Rusumo, Kahama, Kibondo na Bukoba. Kwa hiyo shida ya umbali na shida ya watu wanaohamahama huonekana humo waziwazi. Pili, ni wilaya ambazo, kama tutakavyoeleza, zimekwisha kuonyesha kwamba kazi tunayoitaka inawezekana. Hoja yetu ni moja: mgonjwa wa kudumu hana budi kuandikwa, kufuatwa na kupewa dawa kama mtu wa maisha, wala si kama mpita njia mwenye homa.

Tuchukue mfano wa mama mmoja mwenye umri wa miaka 58, mkulima wa migomba na maharage katika kijiji kimoja cha vilima vya Ngara. Hatumtaji jina kwa kuwa si mtu mmoja. Wa hali yake ni wengi nchini. Mama huyu anakwenda hospitali kwa ajili ya maumivu ya kichwa. Anapimwa, anaonekana ana shinikizo la damu, anaandikiwa vidonge vya siku saba, na anaambiwa arudi vikiisha. Anavimeza kwa uaminifu. Kichwa kinatulia. Siku ya nane anajiona mzima, na shamba linamngoja. Kwake yeye ugonjwa umekwisha, maana hakuna aliyeketi naye dakika tano kumweleza kwamba shinikizo la damu haliumi, na kwamba kutulia kwa kichwa si kupona.

Baada ya miezi minne anarudi. Tabibu aliyemwona kwanza amehamishwa. Wa pili hana kumbukumbu yoyote ya kusoma, kwa kuwa daftari la mgonjwa limelowa mvua, na katika hospitali hakuna jalada lake. Anaanza upya, anaandika dawa nyingine kabisa. Dukani dawa hiyo inapatikana kwa jina la kampuni ambalo mama hajapata kulisikia, na fedha alizo nazo zinatosha vidonge kumi. Nyumbani anavikuta vidonge vichache vya zamani ndani ya kikopo. Je, ameze vyote viwili, au kimoja, au asimeze kabisa? Hana wa kumwuliza. Mwisho wa hadithi ya namna hii tunaujua sote. Asubuhi moja mama anaamka mkono wa kuume haunyanyuki na mdomo umekwenda upande. Majirani wanasema amerogwa. Ukweli ni kwamba amepatwa na kiharusi, na kiharusi hicho kilikuwa kinazuilika kwa kidonge kimoja kwa siku.

Wako watakaosema kwamba mama huyo alikuwa mzembe. Tunawaomba wapige hesabu pamoja nasi. Mwaka una majuma 52. Mgonjwa anayepewa dawa za siku saba anatakiwa kufunga safari 52 kwa mwaka. Ikiwa kituo kiko mwendo wa saa mbili kwa miguu, kwenda na kurudi ni saa nne, nazo saa nne mara 52 ni saa 208. Hizo ni siku 26 za kazi za saa nane, yaani karibu mwezi mzima wa jembe, mbali ya saa za kungoja kwenye benchi. Akipewa dawa za miezi mitatu, safari zinakuwa nne na saa ni 16, yaani siku mbili za kazi. Dawa ni ile ile na mgonjwa ni yule yule. Tofauti imo katika mstari mmoja wa kalamu ya aliyeandika cheti. Huyo anayemwandikia mkulima safari 52 kwa mwaka, kisha akamlaumu kwa kutohudhuria, na atafakari nani hasa mzembe.

Yafaa ieleweke pia kwamba kuchoka dawa si tabia ya mtu wa shamba. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2003 likasema kwamba hata katika nchi zilizoendelea, zenye madaktari na maduka ya dawa kila mtaa, ni kama nusu tu ya wagonjwa wa kudumu wanaofuata dawa zao ipasavyo. Kwa hiyo swali la haki si kwa nini mwananchi wa Nyakahura au wa Rulenge ameacha dawa. Swali ni huduma ya namna gani humwezesha binadamu, popote alipo, kumeza dawa kila siku kwa miaka.

Nchi yetu imekwisha kulijibu swali hili mara tatu. Jibu la kwanza lilitoka Mahenge, wilayani Ulanga. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari mwanamke aitwaye Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya watu wenye kifafa, ambao wengi wao walikuwa wametengwa hata na jamaa zao. Silaha yake kubwa ilikuwa fenobabitali, dawa rahisi kuliko nyingi, pamoja na subira ya kuwaona wagonjwa wale wale tena na tena. Jibu la pili lilianza mwaka 1977, Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulipoanzishwa. Kwa msaada wa mtaalamu Karel Styblo, Tanzania iliandikisha kila mgonjwa, ikampa dawa chini ya uangalizi, ikahesabu kila robo mwaka wangapi wamepona, wangapi wamekufa na wangapi wametoroka. Utaratibu huo ulikuwa msingi wa ule uliotangazwa baadaye na Shirika la Afya Duniani kwa mataifa yote. Nchi maskini iliyafundisha mataifa, wala haikufundisha kwa mashine za ajabu. Ilifundisha kwa daftari.

Jibu la tatu linauhusu Mkoa wa Kagera wenyewe. Ni Kagera ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mwaka 1983, na ni Kagera iliyozika vijana wake kwa miaka 20 kabla dawa za kufubaza virusi hazijaanza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Wakati huo walikuwapo watu ng'ambo waliodai kwamba Mwafrika wa kijijini hawezi kumeza dawa kwa saa. Wakaaibika. Mgonjwa alipewa kadi yenye namba, tarehe ya kurudi, mshauri wa kusema naye na dawa bila malipo, asipofika hutafutwa, na akitulia hupewa dawa za miezi mitatu hadi sita. Watu waliokuwa wakingojea kufa wamesomesha watoto.

Basi hapa ndipo penye jambo la kusikitisha. Katika jengo moja, siku moja, wanaingia wagonjwa wawili wa maisha. Mmoja ana virusi vya Ukimwi. Anajulikana kwa namba, ana jalada, ana tarehe. Mwingine ana kisukari. Anapanga foleni na wenye mafua, haulizwi dawa alizomeza mwezi uliopita, na anatoka na karatasi ya kwenda dukani. Hatusemi wa kwanza apunguziwe. Tunasema wa pili apandishwe afike pale alipo mwenzake. Mara nyingine, tena, hao wawili ni mtu mmoja, maana waliookolewa na dawa za virusi sasa wanazeeka, nao wanapatwa na sukari na shinikizo la damu kama wazee wengine.

Tuje kwenye uandishi wenyewe wa dawa. Mwezi wa Novemba 1985 wataalamu kutoka pande zote za dunia walikutana hapa jirani, Nairobi, wakakubaliana juu ya maana ya matumizi bora ya dawa. Kwa ufupi walisema kwamba mgonjwa apate dawa inayofaa ugonjwa wake, kwa kipimo kinachomfaa yeye, kwa muda unaotosha, na kwa gharama ndogo iwezekanavyo kwake na kwa jamii. Miaka imepita mingi, na katika mambo hayo manne, lile la tatu, yaani muda unaotosha, ndilo linalosahauliwa zaidi kwa mgonjwa wa kudumu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2002 kwamba zaidi ya nusu ya dawa zote ulimwenguni huandikwa, hutolewa au huuzwa isivyostahili.

Makosa yenyewe si siri kwa mtu yeyote aliyepata kukaa kwenye benchi la zahanati. Lipo kosa la kubadili dawa kila anapobadilika mwandishi. Lipo kosa la kuandika jina la kampuni badala ya jina la dawa, hata mgonjwa akauziwa dawa ile ile mara mbili kwa majina mawili. Lipo kosa la kumridhisha mgonjwa kwa sindano na dawa za kuua vijidudu ambazo ugonjwa wake hauzihitaji, huku dawa anayoihitaji ikikosa nafasi katika fedha zake. Lipo pia kosa la kuandika bila kuuliza. Dawa za maumivu za jamii ya diklofenaki, ambazo mkulima mwenye mgongo unaouma huzipenda, huweza kupandisha shinikizo la damu na kudhuru figo. Glibenklamaidi, dawa ya kisukari, huweza kuishusha sukari ya mzee aliyelala bila kula hata akazirai. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya dawa kadhaa za shinikizo na za kisukari. Dolutegraviri, ambayo sasa ni nguzo ya tiba ya virusi vya Ukimwi, huongeza metfomini mwilini, hata ikabidi kipimo cha metfomini kiangaliwe. Tabibu ambaye hakuuliza mgonjwa anatumia nini atayajuaje haya?

Na lipo kosa la kukatiza. Mtoto mwenye kifafa anayetumia fenobabitali akikosa dawa ghafla, degedege linaweza kumrudia kwa ukali kuliko mwanzo na likakataa kukatika. Katika nyumba zetu moto wa kupikia uko chini, katikati ya mafiga, na ni watoto na akina mama wenye kifafa wanaouangukia. Makovu ya moto katika mwili wa mtoto wa namna hiyo mara nyingi ni alama ya siku ambayo dawa haikuwapo.

Kuhusu kutokuwapo kwa dawa, inafaa tuseme wazi kwamba lawama zote hazimwendei tabibu. Atamwandikiaje mgonjwa dawa za miezi mitatu ikiwa rafu ina kopo moja? Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 juu ya vituo vya kaskazini magharibi mwa Tanzania ulionyesha kwamba zahanati na vituo vya afya vilikuwa nyuma sana ya hospitali kwa dawa, kwa vifaa na kwa mafunzo ya kutibu shinikizo la damu na kisukari. Lakini upungufu huu una chanzo chake, na sehemu ya chanzo hicho imo mikononi mwetu.

Mpango wa dawa muhimu ulipoanza nchini katika miaka ya 1983 na 1984, kwa msaada wa Denmark na shirika la UNICEF, kila zahanati ya kijijini ilipelekewa sanduku lenye dawa za aina moja. Ulikuwa ukombozi mkubwa kwa wakati wake. Baadaye utaratibu ulibadilishwa, na vituo vikaanza kuagiza vyenyewe kutoka Bohari ya Dawa kulingana na mahitaji. Ni utaratibu wa haki, lakini unadai jambo moja: kituo kijue mahitaji yake. Malaria haina ahadi. Hakuna ajuaye wangapi wataugua mwezi ujao. Mgonjwa wa shinikizo la damu ana ahadi. Zahanati yenye wagonjwa 40 wanaomeza kidonge kimoja kwa siku inahitaji vidonge 1,200 kwa siku 30, na vidonge 3,600 kwa miezi mitatu. Hesabu hiyo inamtosha mwanafunzi wa shule ya msingi. Lakini pasipo rejista ya hao 40, hakuna cha kuzidisha. Kituo kinaagiza kopo moja kwa kubahatisha, linaisha kwa siku chache, wagonjwa wanaacha kuja, na robo inayofuata mwagizaji anaandika kwamba dawa hiyo haina watumiaji. Mgonjwa asiyeandikwa hayumo katika hesabu, na asiyekuwamo katika hesabu hana fungu.

Hali hii ndiyo inayoifanya hata huruma ya Serikali isimfikie mlengwa. Sera ya Afya imewaondolea malipo wagonjwa wa maradhi kadhaa ya kudumu wasio na uwezo, yakiwamo kisukari, pumu, selimundu na magonjwa ya akili, pamoja na wazee wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Lakini msamaha wa malipo ni msamaha wa kitu kilichopo. Mzee anayeambiwa kwamba dawa yake ni bure, ila haipo, akanunue dukani, amesamehewa nini? Amepewa cheti cha heshima kisicholiwa.

Kwa kuyazingatia hayo tunapendekeza mambo manne. La kwanza, kila zahanati, kituo cha afya na hospitali katika wilaya hizi iwe na rejista ya wagonjwa wa kudumu, na kila mgonjwa awe na kadi moja ya kutembea nayo, yenye jina la ugonjwa, majina halisi ya dawa, kipimo na tarehe ya kurudi. Kadi hiyo ni muhimu zaidi kwa mchimbaji mdogo wa dhahabu wa Biharamulo anayehama machimbo, kwa dereva wa njia ya Rusumo, na kwa mkulima wa mpakani anayeweza kuja na vidonge alivyonunua upande wa pili wa mpaka.

La pili, mgonjwa aliyetulia aandikiwe dawa za mwezi mmoja kwa uchache, na za miezi mitatu kila inapowezekana. La tatu, ugonjwa ukishatambuliwa na dawa kupangwa hospitalini, kuendelezwa kwa dawa kufanyike katika zahanati ya karibu na nyumbani, na Mganga Mkuu wa Wilaya ahakikishe kwamba zahanati hiyo inaruhusiwa na inawezeshwa kuwa nayo. Si haki mtu apande gari kutoka kijiji cha mbali hadi Murgwanza, Nyamiaga au Biharamulo mjini kufuata kidonge kimoja cha aina ile ile kila mara. La nne, kila robo mwaka Baraza la Madiwani lisomewe takwimu: wagonjwa wangapi wameandikishwa, wangapi wamerudi kwa tarehe yao, wangapi wamepotea, na ni siku ngapi dawa zao hazikuwapo. Bohari isipokuwa na dawa, fedha za kituo zipo na utaratibu wa mshitiri upo, ulizwe umetumikaje.

Tunajua jibu litakalotolewa na baadhi ya watendaji. Watasema watumishi ni wachache na kazi ni nyingi. Ni kweli watumishi ni wachache. Lakini tuzikumbushe wilaya hizi historia yao. Mwishoni mwa Aprili 1994 Ngara ilipokea wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, na wakimbizi hao waliokusanyika Benaco wakaandikishwa, wakalishwa na wakatibiwa. Ni kweli dunia ilisaidia, lakini mwenyeji alikuwa Ngara. Tarehe 20 Januari 2025 ilitangazwa kwamba ugonjwa wa Marburg umeingia Biharamulo. Watu 10 walihesabiwa kufa kwa ugonjwa huo, wawili waliothibitishwa kwa vipimo na wanane waliodhaniwa kuwa nao kutokana na dalili na mazingira yao. Watumishi wa afya na viongozi wa vijiji wakawafuata waliokuwa wamegusana na wagonjwa, wakawaangalia kila mmoja kwa siku 21, na tarehe 13 Machi 2025 ikatangazwa kwamba mlipuko umekwisha. Wilaya iliyoweza kumfuata mtu mzima asiyeumwa nyumbani kwake kwa siku 21 itashindwaje kumtafuta mzee mwenye kisukari aliyekosa tarehe moja? Haikosi uwezo. Inalokosa ni kuona kwamba kifo kisicho na kishindo nacho ni kifo.

Sasa tunawageukia ninyi, ndugu walimu na watumishi wa umma, ambao ndio wasomaji wa ukurasa huu. Mwaka 1973 taifa liliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Ilifaulu kwa sababu mtu aliyejua kusoma alikubali kuketi mkekani na asiyejua. Kazi ya namna hiyo inatakiwa tena. Mwalimu anajua ni mtoto yupi darasani mwenye kifafa, pumu au selimundu. Na awe wa kwanza kukataza wenzake wasimkimbie, na wa kwanza kumwuliza mzazi kama dawa zimebaki ngapi. Mtoto wa kisukari anayedungwa insulini hawezi kuachwa bila chakula hadi alasiri, na chupa yake, panapokosekana jokofu, inaweza kuhifadhiwa kivulini ndani ya mtungi wa udongo uliopozwa kwa maji, ikiwa imefungwa isilowe. Mambo haya hayahitaji shahada ya udaktari.

Mtumishi wa umma naye, mwenye kadi ya bima mfukoni, akumbuke kwamba jirani yake hana. Ofisa Mtendaji wa Kijiji na wajumbe wa kamati ya zahanati wana haki ya kuuliza dawa zimeagizwa lini na zimefika ngapi. Wasiende kikaoni kunywa chai. Mabalozi wa mashina wanazijua nyumba zao. Wakishirikiana na wahudumu wa afya wa jamii hawatashindwa kumjua aliyeacha dawa. Na matabibu wetu wakumbuke kwamba Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulipokataza kiburi na dharau kwa wananchi haukumtoa mwenye koti jeupe. Mgonjwa anayefokewa kwa sababu amekosa tarehe hatarudi kufokewa mara ya pili.

Tena mwananchi asipoelezwa na mwenye elimu, ataelezwa na mwingine. Tuliona mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu wakimiminika katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Baadhi yao walikuwa wagonjwa wa kudumu, nao waliacha dawa zao wakiamini wamepona. Tusiwacheke. Walikuwa wanatafuta jambo ambalo kila binadamu angelitamani, yaani dawa ya kunywa mara moja yakaisha. Wajibu wetu ni kuwaambia ukweli kwa upole: kwamba kisukari na shinikizo la damu havifukuzwi, hutawaliwa, na kwamba anayevitawala huishi, hulima, na huwaona wajukuu.

Mwezi wa Novemba 2019 Serikali ilizindua mpango wa taifa wa kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Mwezi wa Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na nchi nyingi zilizotegemea misaada hiyo kwa dawa zikashikwa na wasiwasi. Matukio hayo mawili, la kwanza la kutia moyo na la pili la kuonya, yanatupeleka kwenye somo lile lile la kujitegemea tulilofundishwa na Azimio la Arusha mwaka 1967. Dawa nyingi tulizozitaja hapa ni za zamani na hazina mwenye miliki ya pekee. Ni miongoni mwa zile za bei nafuu duniani. Daftari, kadi na kalamu tunavyo, na hakuna mfadhili anayehitajika ili tabibu aulize swali moja zaidi, au abadili namba 7 iwe 30.

Tunaiomba Wizara, Mkoa wa Kagera na Halmashauri za Ngara na Biharamulo zianze na jambo dogo linalopimika: kila zahanati ihesabu wagonjwa wake wa kudumu, iandike majina yao, na iagize dawa za robo ijayo kwa hesabu hiyo. Likitimia hilo, mama yule wa vilimani atakuwa na kadi, na kadi itakuwa na tarehe. Tarehe hiyo ikifika naye asionekane, awepo mtu wa kuuliza: yu wapi?